Robo Inchi: Kinachowezekana na Kisichowezekana katika Semina ya Siku Moja ya Kushona Mfarishi



Barua ya mwaliko imenitaka nizungumzie mbinu mpya za kushona mfarishi, na jinsi semina za siku moja zinavyoweza kuinua kipato cha vikundi. Nimepewa dakika 30. Kabla sijaanza niseme kwamba maoni haya ni yangu binafsi. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa chuo ninachofundisha.

1. Maana

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa sote tunajua. Mfarishi ni matabaka matatu: juu vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba au blanketi jepesi, chini kitambaa kizima, na yote yakashikwa pamoja kwa mishono inayopenya hadi nyuma. Mitaani wengi husema shuka la viraka, na neno hilo kiraka ndilo linalotushushia bei sokoni, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Malighafi yetu ni mabaki ya vitenge yanayofagiliwa chini ya meza za mafundi. Kwamba kazi ya viraka inaweza kuheshimiwa si jambo la kubishania tena: wanawake weusi wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na baadaye Whitney, New York.

Mbinu mpya zipo nyingi: nyota, nyumba ya magogo, mabawa ya bata. Sitazifundisha leo, na sehemu inayofuata inaeleza kwa nini.

2. Tatizo

Tatizo ni robo inchi.

Vipande vya mfarishi huungwa kwa kuacha robo inchi ya kitambaa nje ya mshono, yaani kama milimita 6. Si nusu, si "kama robo hivi". Anayeshona gauni haoni sababu ya ukali huu, kwa hiyo naomba tuhesabu pamoja. Chukua vipande 12 vya mraba, kila kimoja inchi 5, uvishone kuwa safu moja. Mishono ni 11, na kila mshono unakula nusu inchi, robo huku na robo kule. Safu inatakiwa iwe na urefu wa inchi 54 na nusu. Sasa mshiriki ameteleza kidogo tu, ameacha thumni tatu badala ya robo. Kila mshono umekula robo inchi ya ziada, na mara 11 ni inchi mbili na robo tatu. Safu yake ina inchi 51 na robo tatu. Jirani yake kashona sawasawa. Tukitaka kuziunganisha safu hizi mbili, hakuna makutano hata moja yatakayokutana, na kinachofuata mnakijua: mtu anavuta kitambaa kwa nguvu ili kifike, na mfarishi unatoka na mawimbi kama bati lililopigwa na upepo.

Kosa hili halionekani kwenye mshono wa kwanza. Linaonekana saa 9 alasiri, gari la mgeni rasmi likiwa limeshawashwa.

Ajabu ni kwamba wanaoteseka zaidi si wanagenzi. Ni mafundi hasa. Mama mmoja aliyeshona sare za shule kwa zaidi ya miaka 20 alinishikia safu yake fupi akasema, "Mwalimu, kitambaa chako kimesinyaa." Nilipima mishono yake mbele yake. Ilikuwa mizuri, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na yote ilikuwa mipana kupita kiasi. Nilichelewa sana kuielewa sababu. Fundi wa nguo amefundishwa kuacha akiba ndani ya mshono, kwa kuwa mteja atanenepa na mtoto atarefuka. Tangu uanagenzi, aliyebana akiba ndiye aliyegombezwa. Halafu mimi nakuja asubuhi moja, na chaki na kibao cha jina kifuani, namwambia afanye lile lililomponza kwa mwalimu wake. Mkono haukubali kwa siku moja. Wakati mwingine haukubali kwa wiki.

Cherehani nayo haisaidii. Hizi nyeusi za kukanyaga tulizonazo, nyingi hazina mistari ya vipimo kwenye bamba la sindano, na mguu wake wa kukandamiza kitambaa haukuundwa kuwa rula. Ukimwambia mshiriki "fuata ukingo wa mguu", kila cherehani itampa jibu lake. Nilishawahi kufanya kosa hilo kwa miaka miwili mfululizo, nikiwalaumu watu kwa kosa la chuma.

Dawa niliyoipata ni ya bei ya ndala. Chukua rula, shusha sindano polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono hadi ncha iguse alama ya robo inchi. Kwenye ukingo wa rula upande wa kulia, gundisha kipande chembamba cha ndala chakavu kilichonyooka, kisifunike meno yanayosukuma kitambaa. Kitambaa kikiegemea ukuta huo, mkono hauna pa kwenda. Kisha mpe mshiriki mtihani wa vipande vitatu: vyote vina upana wa inchi moja na nusu, aviunge, avipige pasi, apime cha katikati. Kikiwa na inchi moja kamili, aendelee. Kikipungua, ukuta usogezwe kuelekea sindano, kwa kawaida upana wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu mkunjo wa kitambaa nao hula kidogo. Ndiyo maana wazoefu hushona robo kasoro uzi.

Mtihani huo, mtu akiwa na cherehani yake, unachukua saa moja. Na hapa ndipo naomba nizungumze kwa tahadhari, kwa sababu wengi wa waliotuita leo ni waandaaji wa semina kama hizi.

Katika semina moja niliyoalikwa, ambayo sitaitaja, ratiba ilianza saa 2. Mgeni rasmi alifika saa 5. Tukafungua, tukapiga picha, tukanywa chai. Kazi ilianza saa 6 na kukoma saa 9 ili vyeti vitolewe. Washiriki walikuwa 30 na cherehani 5. Saa 3 mara cherehani 5 ni saa 15. Gawanya kwa watu 30. Kila mtu alipata nusu saa ya kukanyaga cherehani, na kwenye taarifa tuliandika kwamba wamefundishwa mbinu sita. Sipingi ufunguzi, na mgeni rasmi ana nafasi yake. Ninachosema ni kwamba semina ya siku moja tumeiga kutoka Marekani na Ulaya, ambako mwanafunzi hutumiwa mapema orodha ya vifaa, anakuja na mashine yake na vitambaa vilivyokwisha kufuliwa, mara nyingi hata kukatwa. Sisi tumechukua ile siku moja tukaacha maandalizi yake.

Wapo wanaoniambia robo inchi ni ushamba wa kizungu, mbona wa Gee's Bend hushona kwa jicho? Nawaheshimu. Lakini wao walijifunza magotini pa mama zao na bibi zao, siyo kati ya chai na chakula cha mchana.

Iko njia nyingine, na ina damu yetu. Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, ni uzao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao kutoka upande wetu huu wa mashariki. Mfarishi wao huitwa kawandi. Mshonaji hutandika kitambaa, mara nyingi sari kuukuu, kisha huanza pembezoni, anapanga kiraka kimoja baada ya kingine huku akikunja kingo na kuzishika kwa mshono wa bandi wa mkono unaopita hadi nyuma, akizunguka hadi afike katikati. Vipande haviungwi uso kwa uso kwanza, kwa hiyo kosa halina mahali pa kujilimbikiza. Hakuna cherehani, hakuna umeme.

3. Mapendekezo

Kwanza, semina ya siku moja ifundishe jambo moja. Kama ni ya cherehani, jambo hilo liwe robo inchi.

Pili, washiriki wasizidi wawili kwa kila cherehani. Kama zipo 5, waitwe 10, hata kama fomu ya taarifa ina nafasi ya 30.

Tatu, kila cherehani iwekewe ukuta wa ndala siku moja kabla, na mkufunzi mwenyewe aupime.

Nne, vitenge vifuliwe kabla ya kukatwa, maana wanga wa kiwandani huficha tabia ya kitambaa. Na kila aina ichomwe uzi mmoja kwa kiberiti: pamba huacha majivu na kunuka kama karatasi iliyoungua, nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuwa tone gumu. Vya kuyeyuka visichanganywe, pasi itaviumbua.

Tano, fedha ya fulana za semina inunue rula.

Sita, waitwe wanaoshona. Ndugu wa mwenyekiti wa kikundi anakaribishwa siku ya mauzo.

Saba, ufunguzi ufanyike wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa tayari wana kitu cha kumwonyesha mgeni rasmi.

Nane, mafundi wa siku nyingi watenganishwe na wanagenzi, kwa sababu niliyoieleza. Hao hawahitaji kufundishwa kushona. Wanahitaji muda wa kusahau akiba.

Tisa, vikundi visivyo na cherehani vifundishwe kushona kwa njia ya kawandi. Siku moja inatosha kuianza, na aliyeianza anaweza kuendelea nayo nyumbani akisubiri maharage yaive.

Kumi, baada ya mwezi mmoja mkufunzi arudi kwa watu walewale, kwa jambo lilelile, apime mishono. Najua bajeti hupenda mbinu mpya. Narudia: jambo lilelile, robo inchi.

Kumi na moja, fomu ya taarifa ibadilishwe. Badala ya kuuliza mbinu ngapi zimefundishwa, iulize vipande vingapi vya katikati vilipimwa vikawa na inchi moja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona zimebaki dakika tisa. Cherehani ile pembeni nimeiazima kwa fundi wa jirani hapa, imetungwa uzi, na kwenye mfuko huu nimekata vipande vitatu vitatu kwa kila mmoja wetu. Ukiridhia, tuanze kupima. Na kama mgeni rasmi ameshafika, naomba atangulie yeye.