Jina la Nchi na Tarehe Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wa chama aliniomba niseme juu ya historia ya nchi yetu kwa dakika ishirini. Historia ya nchi haimaliziki kwa dakika ishirini, kwa hiyo nimechukua majina yake tu. Hata hayo yanatosha kutuchelewesha chakula.

Naanza na ninyi wa kidato cha nne. Ni wangapi kati yenu mmeandika kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa Tanganyika mwaka 1905? Mwaka huo palikuwa na ziwa lililoitwa Tanganyika, lakini hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka huohuo wa 1905, alikufa bila kuisikia nchi hiyo ikitajwa. Watu walizitaja nchi zao wenyewe: Unyamwezi, Uhehe, Ugogo, Usambara. Pwani ya bara inayotazamana na Unguja iliitwa Mrima. Jina moja la kuzikusanya zote halikuwapo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezitawala zote.

Mjerumani, aliyeanza kujipenyeza mwaka 1885, aliliita koloni lake Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina hilo halina fumbo lolote; linasema mahali na mwenye mali, basi. Ila angalieni mipaka yake. Ndani yake zilikuwamo Rwanda na Burundi, na kipande cha Kionga kusini ya mto Ruvuma ambacho baada ya vita kilikwenda kwa Wareno. Anayesema kwamba Deutsch-Ostafrika ni Tanganyika kwa jina la zamani amewafuta majirani zetu kwa kalamu moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walikuwa na nchi mkononi na hawakutaka iendelee kuitwa ya Kijerumani. Maofisa wao wakaanza kupendekeza. Mmoja akataka Smutsland, kwa heshima ya yule Jenerali Smuts aliyeongoza majeshi yao hapa. Kukawa na Windsorland, kukawa na New Maryland. Hebu fikirini ninyi wanafunzi mkisimama mstarini asubuhi kuimba wimbo wa taifa la Windsorland! Mwishowe iliamuliwa litafutwe jina la kienyeji lenye uhusiano na nchi yenyewe, likachukuliwa lile la ziwa. Mwaka 1920 tukaitwa Tanganyika Territory. Hakuna mtu wa Tabora, Songea wala Bukoba aliyeulizwa.

Sasa maana yake. Wengi wetu tulikariri kwamba ni tanga na nyika, na ukiandika hivyo hupati kosa. Mimi nina mashaka nayo. Ziwa lenyewe liko mbali sana na bandari ya Tanga na matanga ya majahazi, na jina lake walilitaja watu wa kandokando yake, ambao hawakuwa Waswahili wa pwani. Burton, aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwaka 1858, alielezwa habari ya kukutana na kuchanganyika kwa maji. Maelezo hayo hayako mbali na lugha yetu. Katika Kiswahili cha Mombasa, kutanganya ni kuchanganya, na kutanganyika ni kuchanganyika. Baadaye Stanley naye akaja na fasiri yake, ya ziwa lililotandaa kama uwanda. Napenda zaidi ile ya kuchanganyika. Lakini kulipenda jambo si ushahidi, na ningefurahi kama vitabu vya shule vingesema wazi kwamba fasiri ni zaidi ya moja badala ya kumpa mtoto moja kama amri.

Kwa mawazo yangu, chimbuko la neno si kubwa kuliko kilichotokea baada yake. Jina lililochaguliwa na makarani wa London lilichukuliwa na watu wa hapa wakalifanya lao. Julai 7, 1954 chama kilichozaliwa Dar es Salaam kiliitwa Tanganyika African National Union. Waasisi wangeweza kulikataa jina la mkoloni, lakini hawakulikataa. Walilikamata na kulidai pamoja na nchi. Desemba 9, 1961 nchi iliyopata uhuru ilikuwa Tanganyika.

Zanzibar ni jina lenye umri mkubwa kuliko hilo mara nyingi. Wanahistoria wengi hulipeleka kwa Waajemi: zangi ni mtu mweusi, na bar ni pwani. Mwanzoni lilitaja pwani ndefu ya Afrika Mashariki, kisha likajikunja likabaki visiwani. Wenyeji wana Unguja na Pemba yao, na hadi leo mtu wa Pemba atakusahihisha ukisema Zanzibar huku ukimaanisha kisiwa cha Unguja peke yake. Ana haki.

Nchi hizi mbili ziliungana Aprili 26, 1964, na kwa miezi sita jina letu lilikuwa refu: Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Serikali ikawaalika wananchi watoe mapendekezo ya jina jipya, na Oktoba 29, 1964 likatangazwa Tanzania. Kati ya waliolipendekeza, anayejulikana zaidi ni Mohammed Iqbal Dar, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari Morogoro. Yeye amesimulia kwamba alichukua Tan na Zan, akaongeza i ya jina lake Iqbal na a ya Ahmadiyya, madhehebu yake. Wengine husema ia ni mwisho tu wa majina mengi ya nchi. Vyovyote iwavyo, vijana, kati ya majina yote niliyoyataja, hili ndilo pekee ambalo raia wa kawaida waliulizwa, na mvulana wa rika lenu akajibu.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja. Kila mwaka ikikaribia Desemba 9 husikika maneno "Uhuru wa Tanzania Bara". Mimi ni mtumishi wa serikali, na swali la serikali mbili au tatu si la mimi kuliamua jukwaani. Mnajua lilivyokuwa zito. Mwaka 1993 wabunge wa kundi la G55 walidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, Mwalimu Nyerere akawapinga, na mwaka 1994 kikatoka kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ililirudisha tena suala la serikali tatu. Lakini kwa kuuogopa mjadala huo, baadhi yetu tumeanza kuliogopa hata neno. Katiba yenyewe haiogopi. Inapoeleza maana ya Tanzania Bara inasema ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Chama cha mawakili cha bara bado kinaitwa Tanganyika Law Society. Ziwa nalo halikubadilishwa.

Babu aliyezaliwa mwaka 1940 hakuzaliwa Tanzania Bara, na anayemjazia fomu hivyo anaharibu kumbukumbu, hata kama nia yake ni njema. Mtu anaweza kuutetea Muungano kwa moyo wote, kama mimi, na bado akasema kwamba nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 ni Tanganyika.

Nimeleta nakala tatu za ramani, moja ya Wajerumani, moja ya Waingereza na moja ya sasa. Naziacha maktaba. Naomba chama cha historia kizitundike ukutani zikifuatana, kila moja na mwaka wake chini.

Kama kuna maswali juu ya visiwani, naona ndugu zetu wawili wa Pemba wamekaa pale nyuma. Watajibu vizuri kuliko mimi.