Kodi ya Ardhi na Haki ya Mwenye Kulipa

Hotuba kwa wananchi wa Chepseon



Tunawashukuru kwa kuacha majani chai shambani mkaja kutusikiliza. Hatukuja kuomba kura, wala hatukuja kuwaambia msilipe kodi. Anayemshauri raia avunje sheria humwacha peke yake siku ya kufikishwa mahakamani. Tumekuja kwa swali moja: kodi ya ardhi inapopanda, ni nani mwenye haki ya kuuliza sababu, na aulize wapi?

Tuanze nyuma. Mnamo 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba katika nchi hii. Mzee alihesabiwa nyumba zake, akadaiwa rupia, wala hakuulizwa neno. Kodi ile haikutafuta fedha tu; ilimsukuma kijana atoke kwao akafanye kibarua katika mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mabaraza ya wilaya yaliendelea kutoza, huku kauli ya mwisho ikibaki Nairobi kwa waziri. Kifungu 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, wengi wetu tulidhani mageuzi yamekamilika. Kumbe kuwa na vyama vingi ni jambo moja, na raia kuwa na sauti juu ya shilingi anayoitoa ni jambo jingine.

Katiba ya 2010 ilitupa sauti hiyo. Kifungu 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya mali. Kifungu 210 kinasema hakuna kodi wala ada itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Basi hakuna karani awezaye kuamka asubuhi akaongeza kodi ya ploti yako kwa hiari yake. Sharti mswada upite katika Bunge la Kaunti, na Kifungu 196 kinalilazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi.

Tusichanganye mambo mawili. Mwenye hati ya kukodishiwa hulipa pango la ardhi kwa Serikali ya Taifa. Kodi ya ardhi tunayoizungumzia leo ni ya kaunti, na aghalabu hukokotolewa kwa kufuata daftari la thamani, yaani orodha ya viwanja na bei iliyokadiriwa ya kila kimoja. Nairobi ililitumia daftari la mwaka 1982 kwa takriban miaka arobaini. Daftari linapolala kiasi hicho, siku ya kuamshwa mshtuko huwa mkubwa. Mwishoni mwa 2024 nchi ilipata sheria mpya ya kitaifa ya kodi hii, iliyochukua nafasi ya sheria mbili za zamani na kuziwekea kaunti zote 47 utaratibu mmoja. Tutarajie basi wakadiriaji waje, nasi tuwe tayari.

Hatari iko hapa. Bei ya ardhi na mapato ya ardhi havipandi pamoja. Ploti iliyo kando ya barabara ya Nakuru kwenda Kericho hupanda bei kwa kuwa magari yanapita. Lakini mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana wakilalamikia bonasi ndogo ya chai. Mkadiriaji akiitazama bei ya soko peke yake, atamwandikia mjane wa ekari mbili utajiri ambao hauoni mpaka auze ardhi yenyewe. Kodi inayomlazimu mtu kuuza kitu ili akilipie kodi kitu hicho si kodi ya haki.

Na deni la kodi halisahauliki. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamkataza msajili kuandikisha uhamisho wa ardhi inayotozwa kodi hii bila cheti kwamba hakuna deni. Katika kazi yetu ya uwakili tumewaona watoto waliomzika baba yao, wakaja kugawana urithi, wakakuta deni na riba vimelimbikizana kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwaletea hata karatasi moja ya kudai.

Mashamba makubwa nayo yana hadithi yao. Machi 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi, ikiamua madai ya Wakipsigis na Watalai, ilipendekeza pia pango na kodi za mashamba ya chai ya kampuni za kigeni ziongezwe. Kampuni zikaenda mahakamani, nayo ni haki yao. Tunachosema ni kwamba haki hiyo hiyo ni ya mwenye ploti moja sokoni Chepseon. Sheria inamruhusu mwenye mali kupinga kwa maandishi thamani aliyokadiriwa, ndani ya muda uliowekwa. Muda ukipita, aliyenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali.

Sasa fedha zenyewe. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote zilitengewa shilingi bilioni 385.4 kutoka hazina ya taifa, na zenyewe zikakusanya karibu bilioni 59. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mwaka baada ya mwaka Mdhibiti wa Bajeti ameripoti kaunti nyingi zikivunja masharti hayo. Katikati ya 2024 kaunti zilidaiwa na wauzaji na makandarasi zaidi ya shilingi bilioni 150. Kabla ya kuongeza maji mtungini, mwenye nyumba huangalia kwanza unavujia wapi.

Tufanye nini? Kwanza, tujue kalenda. Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha, ambamo viwango vya kodi huwekwa, huamuliwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Tufike wakati huo, si baada yake.

Pili, tuandike. Maneno ya mkutanoni hupeperuka. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ni ushahidi. Kifungu 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tuombe daftari la thamani, na tuombe hesabu za wadi yetu.

Tatu, tulipe tunachodaiwa kihalali na tutunze risiti. Mwenye risiti mkononi huuliza bila kutetemeka iko wapi barabara ya kupeleka majani kiwandani.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walisimama kuupinga Mswada wa Fedha, wengine wakalipa kwa maisha yao, na Rais akakataa kuutia sahihi. Mswada wa kaunti hujadiliwa karibu zaidi na nyumbani kwetu, na mara nyingi viti vya wananchi huwa vitupu. Mwakani visiwe vitupu kwa upande wa Chepseon.