Mwanafunzi wa Mtandaoni Asiachwe Peke Yake



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya chuo kwa njia ya mtandao. Nitasema kama mtu aliyeyaonja. Miaka michache iliyopita, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye familia, nilijiandikisha kusoma shahada ya pili kwa njia hiyo, usiku baada ya kazi.

Chuo sikitaji. Mhadhiri alituwekea kurasa 60 na video ya saa 2, kisha kimya. Niliuliza swali mwezi wa kwanza. Jibu lilifika baada ya mtihani. Nikawa nafungua video, yenyewe inasema, mimi nasinzia mezani. Ofisini tulikuwa wawili. Mwenzangu aliacha, na ada yake ikapotea. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa peke yake.

Mimi niliokolewa na wanafunzi wenzangu wanne. Tulikutana kila Jumamosi chini ya mwembe, kila mmoja aeleze sura moja bila kutazama karatasi. Asiyejiandaa alinunua chai. (Nilinunua nyingi.)

Wazee waliopo hapa watacheka, maana jambo hili walilijua kabla sijazaliwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu yapata milioni 2 nchini mwetu walisoma kwa redio. Lakini hawakuachiwa redio tu. Walikaa kwa vikundi, pamoja na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio haisikii swali la mtu, mtandao unasikia. Chombo tulicho nacho ni bora zaidi, nasi tumekifanya kabati la makaratasi.

Wahadhiri mlio miongoni mwetu, nawaomba: video iwe ya dakika 10, na mwishoni pawe na swali lisilojibika bila kutoka nje. Mwanafunzi wa uchumi akaulize bei ya mahindi sokoni kwao, arudi abishane na wenzake wa Mtwara na Kagera. Wagawieni katika vikundi vya watu watano. Maswali yajibiwe ndani ya siku 2. Na mkumbuke gharama ya bando: sauti na maandishi hupita pale video inapokwama.

Nanyi vijana wa kidato cha sita, msidhani haya ni ya watu wazima wa Chuo Kikuu Huria peke yao. Popote mtakapokwenda, baadhi ya masomo yatawajia kwa simu. Tafutaneni wiki ya kwanza, msingoje matokeo mabaya.

Mwenzangu yule amejiandikisha tena mwaka huu. Safari hii, kabla ya kulipa ada, alitafuta kwanza wenzake wanne.