Kuusoma Mteremko Kabla ya Mvua: Vilima vya Karagwe na Kyerwa



Huko Davos, Uswisi, ipo taasisi ambayo tangu 1945 huwatahadharisha watu wa milimani, kila majira ya baridi, juu ya maporomoko ya theluji. Wachunguzi wake hawaridhiki kuutazama mlima kwa nje. Huchimba shimo na kukagua theluji tabaka kwa tabaka, wakilitafuta lile dhaifu lililofunikwa na mengine mazito. Kisha hupima ukali wa mteremko, kwani theluji hukatika zaidi kwenye nyuzi 30 hadi 45.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna theluji, lakini miteremko tunayo, tena ina matabaka. Migongo ya vilima vyetu ni kwatsaiti, jiwe gumu lisilolika upesi. Ubavuni ipo miamba laini iliyooza ikawa udongo. Umri wa miamba hii unapita miaka bilioni moja, na wanajiolojia wa dunia nzima huiita kwa jina la kwetu: Karagwe-Ankole. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongo wa juu mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, yakajaa hapo. Maji hayo huzisukuma chembe za udongo ziachane, msuguano ukapungua, na uzito ambao ubavu umeubeba miaka mingi ukawa haubebeki tena.

Ndiyo maana mvua ya leo peke yake haituelezi mengi. Tuulize pia imenyesha kiasi gani wiki zilizotangulia. Mnakumbuka Hanang, 3 Desemba 2023: sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Bududa, kwenye Mlima Elgon, Machi 2010, kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Vilima vyetu ni vifupi kuliko milima hiyo, nami sikuja kutia watu hofu. Lakini ubavu mdogo ulio juu ya nyumba moja unatosha kumaliza familia.

Kuna jambo jingine la wachunguzi wa theluji linalonigusa sana. Wengi wa watembeaji wanaofukiwa, poromoko wamelianzisha wao wenyewe au wenzao. Na huku kwetu, nani anayeukata mlima miguu? Tunachonga ubavu ili kusawazisha kiwanja, tunapitisha barabara, tunachimba madini ya bati Kyerwa na kuacha mashimo yanayokusanya maji. Hata kibanja cha migomba kilichotunzwa vizuri kinahitaji jicho la pili. Matandazo huzuia mmomonyoko, lakini mizizi ya mgomba haiendi chini sana, na mtaro wa kuvuna maji ukichimbwa mahali pakali mno huyaingiza maji kule kule tusikoyataka. Miti yenye mizizi mirefu ibaki.

Kupima hakuhitaji mitambo. Ukipanda mita 6 kwa kila mita 10 za kwenda mbele, umeshavuka nyuzi 30. Kingo zilizokatwa kando ya barabara ni mashimo ya uchunguzi yaliyokwisha kuchimbwa. Simama uyasome matabaka. Tazama nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyohama au kuchafuka ghafla, mlango ulioanza kukwama.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari kwa mkoa, na ni kazi ya thamani. Ila unaoporomoka ni ubavu mmoja, na wanaoujua ni wanaoulima. Naomba kila shule ya wilaya hizi mbili iwe na kipimamvua na daftari, milimita ziandikwe kila asubuhi, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na jumla ya kila wiki imfikie mtendaji wa kijiji. Mvua ikishakuwa ya siku nyingi, na nyufa mpya zikaonekana juu ya nyumba, familia isingoje kupambazuke. Iondoke jioni hiyo hiyo ikalale kwa jirani aliye mgongoni mwa kilima, si kwa aliye bondeni.