Mtu Akiumia Kwako, Nani Analipa?

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwenye kikao chetu cha sauti. Wengi mliingia tukiwa katikati, wengine mtandao ukawatupa nje, mkaomba niyaweke hapa. Nimeyakata vipande ili msome polepole. Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunashika hoja.

1. Kelele zenyewe

Kila msimu wa siasa, nyumba lazima zije jukwaani. Mmoja anasema makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaondolewe, mwingine anasema yabaki. Kisha jengo linaanguka, ama mtoto anatumbukia kwenye shimo la maji taka lisilo na kifuniko, na kwa siku tatu wimbo unabadilika: "Wenye nyumba walazimishwe kuchukua bima!" Mpinzani wake anajibu: "Hiyo ni kodi nyingine kwa mlalahoi!" Makofi pande zote mbili. Siku ya nne tumesahau.

Shida yangu na mjadala huo ni moja. Wote wawili wanaongea kana kwamba bima ndiyo inayoleta deni. Sivyo. Deni liko tayari, kwa sheria. Bima inaamua tu kama pesa za kulilipa zitapatikana.

2. "Ajali haina kinga"

Hii methali tunaipenda sana, hasa tukiwa sisi ndio wenye ngazi iliyovunjika. Mgeni akianguka tunamwambia pole, tunampa maji, tunasema ajali haina kinga. Sawa, ziko ajali za aina hiyo. Lakini reli ya ngazi iliyolegea tangu mwaka jana, na wapangaji wamelalamika mara nne, hiyo ina kinga: fundi wa kuchomelea na vyuma viwili.

Sheria ya Kenya inaona hivyo pia. Iko sheria ya dhima ya mkaaji wa mahali, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inasema hivi, kwa lugha ya kwetu: ukiwa na usimamizi wa mahali, una wajibu wa kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni uliyemruhusu kuingia awe salama kwa shughuli iliyomleta. Haidai uwe malaika. Inadai uangalifu unaofaa.

Inaongeza kwamba lazima utarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kwa hivyo "mtoto mwenyewe alikuwa mtundu" si jibu la kukutoa moja kwa moja. Tangi la chini lisilo na kifuniko linamngoja huyo huyo mtundu.

3. Kibao cha "Mbwa Kali"

Hapa kila mtu kwenye kikao alicheka, lakini sikilizeni. Tunaamini ukishapigilia kile kibao kwenye geti umemaliza kazi. Sheria inasema onyo pekee halikuokoi, mpaka liwe linamwezesha mgeni kuwa salama. Kama mbwa yuko wazi, na mlango wa kubisha uko ndani ya ua, msoma mita afanye nini na hicho kibao? Akisome akiwa anakimbia? Mfunge mbwa, weka kengele nje ya geti. Hapo onyo lako lina maana.

Mgeni naye ana wajibu. Akiona sakafu ina maji na bado apite mbio huku anaangalia simu, mahakama inaweza kugawa lawama kwa asilimia na kupunguza fidia yake. Na kesi ya majeraha ya namna hii ina muda: kwa kawaida miaka 3 tangu siku ya tukio. Watu wengi hukaa wakingoja "tutaelewana," na saa zinasonga.

4. Mkaaji ni nani? Landilodi au mpangaji?

Hili ndilo swali lililoulizwa zaidi. Jibu: angalia nani ana usimamizi wa sehemu hiyo. Ndani ya nyumba uliyokodi, wewe mpangaji ndiye mwenye usukani. Chungu cha maua ulichokiweka ukingoni mwa roshani kikimwangukia mtu kichwani, usimtafute landilodi. Lakini ngazi za pamoja, geti, taa za kwenye korido, tangi la maji na paa, hizo kwa kawaida ziko mikononi mwa landilodi, hata kama yeye anakaa ng'ambo na kazi yote inafanywa na keateka.

Tena, kinachotazamwa ni usimamizi, si hatimiliki tu. Yule anayekusanya kodi kwenye vyumba vya mabati hawezi kujificha nyuma ya maneno "shamba si langu."

5. Dada wa kazi ni hesabu nyingine

Msichanganye mgeni na mfanyakazi. Aliyeajiriwa nyumbani kwako, awe anayepika, anayelea mtoto ama anayekata ua, anaangukia sheria ya fidia kwa majeraha kazini ya 2007, ile tunaiita WIBA. Huko hahitaji kuthibitisha kwamba ulizembea. Akiumia akiwa kazini, fidia inahesabiwa kwa mshahara wake. Na sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Watu wanadhani ni mambo ya viwanda tu.

Fanyeni hesabu. Ulemavu wa kudumu usiomwachia uwezo wa kufanya kazi tena ni mapato ya miezi 96. Dada anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,440,000. Mwenye nyumba wangapi hapa wanaweza kuzitoa hizo bila kuuza kitu? Basi.

6. Bima inafanya nini hasa

Kampuni nyingi za bima Kenya huuza kifurushi cha nyumbani. Ndani yake kuna vyumba: jengo, vitu vya ndani, vitu unavyotembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, na mwisho, ile sehemu watu huruka bila kusoma: dhima yako kama mwenye nyumba na dhima yako kama mkaaji. Hiyo ndiyo inayolipa mgeni akiumia kwa kosa lako, pamoja na gharama za wakili, mpaka kiwango kilichoandikwa.

Na haya ndiyo ambayo watu hugundua wakiwa wamechelewa:

Kwanza, sehemu ya dhima kwa kawaida hailipi jamaa wanaoishi nawe nyumba moja. Hailipi madhara ya makusudi pia.

Pili, kifurushi cha nyumbani ni cha nyumba unayoishi. Ukiwa na ploti ya vyumba 20 ama saluni uani, hiyo ni biashara, na inataka bima ya dhima kwa umma. Mwambie wakala ukweli mapema. Ukificha, siku ya kulipwa ndiyo siku watasoma fomu yako neno kwa neno.

Tatu, mikataba mingi inasema usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kampuni kujua. Hapa sheria na utu wetu vinagongana kidogo. Mpeleke mtu hospitali, mpe huduma ya kwanza, mwambie pole. Hilo halikatazwi na mtu yeyote. Lakini usimwandikie ujumbe wa simu "nitalipa kila kitu." Piga picha ya mahali, andika majina ya walioona, iarifu kampuni mara moja.

7. Basi, iwe lazima?

Sasa turudi jukwaani. Anayetaka iwe lazima ana hoja nzito. Leo aliyeanguka kwenye ngazi analipiwa na nani? Na harambee. Kikundi cha WhatsApp, nambari ya paybill, mama anauza ng'ombe. Bima ya afya inaweza kusaidia bili ya hospitali, lakini hailipi mshahara wa miezi sita ambayo fundi hakufanya kazi, wala karo ya watoto wake. Yaani gharama ya uzembe wa mwenye jengo imehamishwa kwa majirani wa aliyeumia. Mtu anaposema bima ya lazima ni kodi mpya, mwulize: na harambee ni nini?

Lakini anayepinga naye asikilizwe. Tunayo tayari bima ya lazima, ya magari, chini ya Sura ya 405. Imetufundisha nini? Kwamba ulazima hauhakikishi malipo. Kuna madai ya uongo, kuna kampuni zilizoshindwa kulipa, na kiwango ambacho kampuni inalazimika kulipa mtu mmoja chini ya sheria hiyo kimewekwa kwenye shilingi 3,000,000. Mahakama ikitoa zaidi, kinachobaki utamfuata mwenye gari. Pia landilodi akiongezewa gharama, mnajua ataitafuta wapi. Kwenye kodi yako.

Na kuna lile kubwa zaidi. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi. Walikufa watu karibu 50. Maafisa walisema jengo hilo lilikuwa limeshapangwa kubomolewa. Hapo bima ingefanya nini? Jengo lisilo na idhini ndilo ambalo kampuni ya bima haitaligusa, ama italiuzia kisha ikatae kulipa. Bima haichukui kazi ya mkaguzi wa kaunti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta una watu ndani.

8. Msimamo wangu

Mliniuliza niseme waziwazi, nasema. Kulazimisha kila nyumba, pamoja na ya nyanya yangu kijijini, ni kelele za kampeni. Lakini jengo la kukodisha la ghorofa, ambalo mtu anapata mapato kutoka kwa familia 30 kila mwezi, hilo naona lidaiwe bima ya dhima, kama vile matatu haiwezi kubeba abiria bila bima. Gharama ikigawanywa kwa nyumba 30 inakuwa ndogo. Na kampuni inayojua italipa itatuma mtu kuangalia zile reli kabla hazijaanguka. Lakini lianze jengo kukaguliwa, bima ifuate.

Kwa hivyo mgombea akisimama kwenu na kutaja nyumba, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni matatu. Moja: bima unayotaka ni ya nyumba zipi, na zipi hazimo? Mbili: nani atakagua jengo kabla halijawekewa bima, na ripoti yake mpangaji ataiona wapi? Tatu: kampuni ikikataa kulipa ama ikianguka, aliyevunjika mguu atamwendea nani?

Akiwajibu hayo, huyo amefikiria. Akianza kumtukana mpinzani wake, mmepata jibu pia.

Na leo jioni, kabla ya siasa zote, panda ngazi za kwako ukishika reli. Itikise. Kama inacheza, mpigie mwenye jengo, kisha umtumie ujumbe wa maandishi wenye tarehe na picha. Ukishaupeleka, hawezi tena kusema hakujua.

Maswali yaweke hapa chini, nitajibu moja moja. Matusi nitayaacha yapite.