Metali Nzito katika Samakigamba wa Pwani: Wajibu wa Mitaa ya Juu ya Mto kama Kangemi

Utangulizi

Metali nzito, kama vile risasi, zebaki, kadimi na kromi, zinaweza kudhuru mwili hata zikiwa kidogo sana. Haziozi wala haziungui zikaisha. Zikishaingia majini huhama tu: kutoka mtaroni hadi mtoni, kutoka mtoni hadi kwenye tope la bahari, na kutoka topeni hadi mwilini mwa viumbe wanaoishi humo. Miongoni mwa viumbe hao ni chaza, kombe, kamba na kaa, ambao kwa jumla huitwa samakigamba. Mada hii inaeleza jinsi metali hizo zinavyowafikia samakigamba, madhara yake kwa mlaji, na hatua zinazofaa kuchukuliwa tangu Kangemi, mtaa wa Nairobi, hadi Pwani.

Jinsi samakigamba wanavyokusanya metali

Chaza na kombe hawawindi. Hujibana mwambani au hujifukia topeni, wakavuta maji ndani ya gamba, wakachuja chembe za chakula na kuyatoa maji yaliyobaki. Chaza mmoja huchuja lita kadhaa kwa saa, mchana na usiku. Metali iliyoshikamana na chembe za tope huingia kwa njia hiyo hiyo. Mwilini hunaswa na protini maalumu zinazopunguza makali yake kwa chaza mwenyewe, naye huendelea kuishi akiwa amebeba mzigo ambao maji yanayomzunguka hayauonyeshi. Kwa sababu hiyo wanasayansi humtumia kama kipimo cha bahari. Mwaka 1986 Marekani ilianzisha mpango wa kupima kome na chaza kwenye fuo zake ili kufuatilia uchafuzi wa maji.

Kaa na kamba hutambaa juu ya tope na kula mabaki yaliyomo. Kwa kaa, kadimi hujikusanya zaidi katika nyama laini ya kahawia iliyo chini ya gamba la mgongoni kuliko katika nyama nyeupe ya magando na miguu. Zebaki ina tabia yake: bakteria wa topeni huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huongezeka kila kiumbe kimoja kinapoliwa na kingine. Ndiyo maana papa na jodari huwa nayo nyingi kuliko chaza. Kwa samakigamba, kadimi na risasi ndizo za kuangaliwa kwanza.

Njia ya maji kutoka Kangemi

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Hushuka kupitia bonde lililo kati ya Kangemi na Kawangware, ukapita Chiromo na katikati ya jiji, kisha Eastlands na kando ya jaa la Dandora. Mashariki mwa jiji huungana na Mto Athi. Athi ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Huingia Bahari ya Hindi kati ya Malindi na Mambrui. Msimu wa mvua, maji ya bahari mbele ya Malindi hugeuka mekundu kwa udongo wa bara. Kamba wa ghuba ya Ungwana hutegemea rutuba inayoletwa na mito ya Sabaki na Tana.

Uchafu huanza na mambo ya kila siku. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Fundi anayeivunja ili auze vyuma chakavu humwaga asidi kwanza, nayo hutoka na chembe za risasi kutoka kwenye sahani za ndani. Ikimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza huisukuma hadi mtoni. Rangi inayokwanguliwa kwenye mabodi ya magari, oili chafu ya gereji, maji ya viwanda vya kupaka chuma kromi na betri ndogo za tochi zilizotupwa pamoja na taka hufuata njia hiyo hiyo.

Si metali yote inayotoka Kangemi inayofika Malindi. Sehemu kubwa hukwama kwenye tope la mto, ikasubiri mafuriko yaizoe tena. Kwa hivyo mkazi wa Kangemi naye huguswa kabla ya mvuvi wa Pwani: nduma na sukuma wiki zinazolimwa bondeni hunyweshwa maji hayo na kuota kwenye tope hilo. Huko Dandora, uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kutolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328, na nusu yao walikuwa na risasi nyingi katika damu kuliko kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Hali ya Mombasa

Pwani nayo ina vyanzo vyake. Kwa miongo mingi taka za Mombasa zilirundikwa Kibarani, ukingoni mwa hori la Makupa, huku tuta la barabara likizuia maji ya bahari kupita na kulisafisha hori hilo. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 limefungua njia ya maji, lakini metali iliyozikwa topeni haiondoki kwa kupwa na kujaa. Owino Uhuru, mtaa ulioko Mikindani, uliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya wakazi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Madhara kwa mlaji

Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimi hujikusanya katika figo, na huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu. Zebaki ya methili huharibu neva; huko Minamata, Japani, ugonjwa wa waliokula samaki na samakigamba wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda uligunduliwa rasmi mwaka 1956.

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu hadi miligramu 2 za kadimi kwa kilo ya kombe. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wameweka kikomo cha mikrogramu 25 kwa mwezi kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 750 za kombe wenye kiwango hicho cha Codex amefikia kikomo cha mwezi mzima. Mtoto wa kilo 20 hukifikia kwa gramu 250 tu. Kuchemsha au kukaanga huua vijidudu vingi, lakini hakuharibu metali; kutia ndimu pia hakuiharibu.

Mapendekezo

Kwanza, betri kuukuu zikusanywe zikiwa nzima na kupelekwa kwa wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira; serikali ya kaunti itenge vituo vya kuzipokea Kangemi na mitaa mingine ya jua kali. Pili, Tume ya Mito ya Nairobi, iliyoundwa mwaka 2022, ipime tope la mto pamoja na maji, kwa kuwa metali nyingi hukaa topeni. Tatu, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi Kenya iwezeshwe kupima chaza, kombe, kamba na kaa kila msimu, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kwa vikundi vya wavuvi na kina mama wanaookota kombe maji yakipwa. Nne, kombe na chaza wasiokotwe karibu na mifereji ya viwanda, bandari na majaa, na watoto na wajawazito wasile nyama ya kahawia ya kaa.

Metali ikishaingia topeni hakuna mpishi wala sheria inayoweza kuitoa kwa urahisi. Kinga yenye uhakika ni kuizuia kabla haijafika mtaroni, na kazi hiyo inaanzia kwenye gereji na karakana za Kangemi.