Faida na Hasara za Kufanya Kazi katika Taasisi Kubwa ya Fedha, na Suala la Shoti ya Keshia

Mada kwa semina ya wafanyakazi wapya wa mabenki, Dar es Salaam

1. Utangulizi
Nimeombwa nizungumzie faida na hasara za ajira katika taasisi kubwa ya fedha. Nitazigusa zote, ila muda mwingi nitautumia kwa jambo moja ambalo sisi wa chama cha wafanyakazi tumelipigania kwa miaka mingi. Mada hii hailengi taasisi yoyote mahususi.

2. Maana
Taasisi kubwa ya fedha ni benki, kampuni ya bima au mfuko wenye matawi mengi na unaosimamiwa kwa sheria. Hapa kwetu sekta ilipanuka baada ya sheria ya mwaka 1991 kuruhusu mabenki binafsi. Mwaka 1997 NBC ya zamani iligawanywa na NMB ikazaliwa. Haya mnayafahamu.

3. Faida
Mshahara hutoka kwa tarehe. Michango ya NSSF, jumla asilimia 20 ya mshahara, huwasilishwa bila kufuatiliwa. Likizo ya siku 28 hupangwa mapema, na mkopo wa mfanyakazi huwa na riba nafuu kuliko wa mteja. Kijana aliyeanzia kaunta anaweza kuhamia mikopo au ukaguzi bila kubadilisha mwajiri. Hizi si faida ndogo.

4. Hasara
Ya kwanza ni malengo ya mauzo. Mwaka 2016 Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185, baada ya wafanyakazi waliobanwa na malengo kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi. Ya pili ni muda: sheria inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini milango ikifungwa kwa wateja, kazi ya ndani ndiyo kwanza inaanza. Ya tatu ni shoti.

5. Shoti ya keshia
Shoti ni pungufu kati ya fedha zilizomo kwenye droo na zinazosomeka kwenye mfumo wakati wa kufunga hesabu. Inatokeaje? Mwisho wa mwezi foleni hufika mlangoni. Wakala wa fedha za simu analeta mfuko wa noti chakavu, mashine ya kuhesabia inazikataa, keshia anahesabu kwa mkono huku walio nyuma wakilalamika. Bunda la noti 100 za elfu kumi ni milioni moja. La elfu tano ni laki tano. Akitoa la kwanza badala ya la pili, laki tano zimekwenda. Na mwenzake akishika kaunta hiyo wakati wa chakula bila makabidhiano ya maandishi, hakuna tena awezaye kusema kosa ni la nani.

Kinachofuata ndicho kinachoniumiza. Usiku uleule keshia huletewa karatasi ya kukiri deni na kukubali kukatwa mshahara. Picha za kamera hazijatazamwa, miamala haijapitiwa. Wengine hutakiwa kufidia kabla ya kutoka tawini, wakakopa kwa wenzao au kwenye simu. Siku fedha zikizidi, ziada huingizwa kwenye akaunti ya benki. Ikiwa ziada ni ya benki, kwa nini pungufu liwe la keshia peke yake?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haitaki saini pekee. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ya deni. Apewe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Masharti haya hurukwa, na keshia hanyanyui sauti kwa kuwa shoti huingia kwenye faili, na faili hufunguliwa siku ya kupandishwa cheo.

Naelewa hoja ya waajiri kwamba fedha ni za wateja, na wapo wanaoiba kwa kisingizio cha shoti. Ni kweli. Lakini makato ya haraka humnufaisha huyo mwizi: analipa, jalada linafungwa, anarudi kaunta. Uchunguzi ungemkamata, na uchunguzi ndio usiofanyika. Haya tumeyasema katika vikao vya mkataba wa hali bora. Jibu ni lilelile: suala linafanyiwa kazi.

6. Mapendekezo
(i) Makato yasianze kabla ya uchunguzi wa maandishi, ukihusisha picha za kamera na miamala.
(ii) Karatasi ya kukiri deni isisainiwe siku ya tukio.
(iii) Makato yasizidi robo ya mshahara, kama sheria inavyosema.
(iv) Ziada zitunzwe kwenye mfuko wa kufidia pungufu zisizo na hila.
(v) Posho ya keshia iwekwe kwenye mkataba wa hali bora.
(vi) Makabidhiano ya kaunta yaandikwe, hata ya dakika kumi.
(vii) Mashine mbovu za kuhesabia ziondolewe, na kaunta ziongezwe mwisho wa mwezi.
(viii) Shoti isiyo na hila isizuie kupandishwa cheo.
(ix) Mfanyakazi aliyekatwa kinyume cha sheria apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.
(x) Nasisitiza tena: uchunguzi kwanza, makato baadaye.

7. Hitimisho
Ndugu washiriki, kazi ya benki ni kazi ya heshima, na nawashauri muipende. Someni kifungu cha 28 kabla hamjakabidhiwa droo. Kwako Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la kwanza na la pili yaingie kwenye maazimio ya leo kama yalivyoandikwa, na waajiri waliopo watupe tarehe ya kuanza kuyatekeleza.